Mimba si ugonjwa, lakini mimi nimechoka

Kama mlisikiliza kipindi cha wiki iliyopita, mlinisikia nikipiga mwayo katikati ya swali la mwenzangu. Tulitaka kuukata ule mwayo, halafu tukauacha. Basi mliokisia mmepatia: nina mimba, mwezi wa saba huu, na bado naenda kazini siku sita kwa wiki. Wengi mmenipongeza, Mungu awalipe. Ila katika jumbe mlizotuma, kama kumi hivi zilikuwa na maneno yaleyale, nyingine kutoka kwa watu wazima wanaoniita mwanangu: jikaze, mimba si ugonjwa.

Maneno hayo nimeyasikia tangu niko mtoto, Deira, kwenye vikao vya mamangu na shoga zake. Na mimi mwenyewe nimewahi kuyasema, kwa mtu aliyekuwa amechoka, siku ambayo ratiba ya zamu ilikuwa mkononi mwangu. Ndiyo maana leo naandika badala ya kuongea. Kwenye maiki ningecheka na kupita.

Kwa wageni wa kipindi: mimi ni supavaiza wa usafi wa vyumba katika hoteli moja hapa Dubai. Nilianza miaka minane iliyopita kama mtandika vitanda. Kwetu mhudumu mmoja hupewa vyumba 14 kwa zamu, na siku za wageni wengi kuondoka hufika 16. Watu wanadhani usafi wa hoteli ni kupangusa vumbi. Wallahi kazi iko kwenye kitanda. Unainua kona ya godoro ambalo ni zito kuliko wewe, unachomeka shuka, unazunguka, unainua tena, kona nne, na vyumba vingi vina vitanda viwili. Kisha unapiga magoti kwenye beseni la kuogea. Kisha unasukuma toroli kwenye zulia nene ambalo linayavuta magurudumu kama mchanga wa pwani. Mimi siku hizi sitandiki sana, nakagua, lakini kukagua ni kuinama chini ya kila kitanda na kupanda ngazi pale lifti ya wafanyakazi inapojaa. Simu yangu huniandikia hatua 17,000 na hapo sijatoka kwenye jengo.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo iliyonivunja. Hii naisema kwa sababu wengi tunadhani uchovu unakuja na tumbo kubwa. Mimi tumbo halikuwepo, na nilikuwa nalala nimesimama. Mkunga kliniki ndiye aliyenieleza: homoni inayoitwa projesteroni hupanda sana mwanzoni na inaleta usingizi, na wakati huohuo mwili umeanza kutengeneza damu ya ziada. Mimba ikikomaa, damu yako imeongezeka kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo, na moyo ndio unaoisukuma yote. Yaani umekaa tu, umeshika kikombe, na moyo uko kazini. Sasa uinue godoro.

Na kwa kuwa haionekani, hakuna anayekupisha. Nilipanda metro saa kumi na moja na nusu asubuhi, behewa la wanawake na watoto, nimeshika ile nguzo kama mtu wa jahazi, na dada aliyekaa mbele yangu ameweka mkoba kwenye kiti cha pili. Simlaumu. Angejuaje?

Siku moja, wiki ya kumi na moja, niliingia kukagua chumba ghorofa ya 14. Nikakaa kwenye ukingo wa beseni la bafuni, nikajiambia nitavuta pumzi mbili. Nilishtuka dakika arobaini baadaye. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na nje mtu alikuwa ametundika kile kibao cha kuomba mgeni asisumbuliwe. Alikuwa mhudumu wa ghorofa ile, mama mmoja wa Nepal ambaye tunazungumza kwa Kiingereza cha kubahatisha na mikono. Alikuwa ameniona, akafunga, akaendelea na vyumba vyake. Hakumwambia mtu. Nilipotoka akanipa biskuti mbili za chumvi kutoka kwenye aproni yake, akaenda zake.

Nilikula zile biskuti kwenye ngazi za dharura nikamkumbuka dada mmoja wa Kampala.

Miaka miwili kabla ya hapo, nilikuwa nimepandishwa cheo ndo kwanza, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana mkali. Dada huyu alinijia asubuhi kabla ya mkutano wa zamu. Akaniambia kwa sauti ya chini ana mimba ya miezi mitatu, na anaomba wiki mbili tu nimtoe kwenye ghorofa za wageni wanaoondoka nimpeleke kwenye za wanaobaki, ambako vitanda havibadilishwi vyote kila siku. Wiki mbili. Nikamwambia, na nakumbuka hata nilitabasamu: "Dada, mimba si ugonjwa. Mamangu alifanya kazi mpaka siku ya mwisho." Akasema sawa, na hakuniomba kitu tena. Mkataba wake ulipoisha hakuomba kuongezewa, akarudi kwao.

Sasa, mamangu kweli alifanya kazi mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anapiga pasi kwenye dobi moja la hapa hapa Deira, amesimama kutwa kwenye mvuke, na mimi tumboni. Nilizaliwa Al Wasl, hospitali ambayo siku hizi inaitwa Latifa. Hadithi hiyo kwetu inasimuliwa kama ya vita vya ushindi. Nilipopata mimba nilimuuliza kwa mara ya kwanza: Mama, ilikuwaje? Akanyamaza kidogo. Akasema alikuwa anakwenda chooni kulia, halafu anaosha uso anarudi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi niliyekuwa nikilitumia jina lake kuwafunga watu midomo.

Nimefikiria sana msemo wetu huu umetoka wapi. Mabibi zetu Mombasa hawakuwa wajinga. Walimwambia hivyo msichana wa mimba ya kwanza ili asiogope, asilale kutwa akajidhoofisha. Lakini angalieni alikuwa anaambiwa akiwa wapi. Mimba ya kwanza, desturi, mtu anarudi kwao kujifungua. Kuna mama, kuna shangazi, kuna binti wa jirani wa kuteka maji. Akishazaa anakaa arobaini, anakandwa, anapikiwa, haruhusiwi hata kushika ufagio. Msemo ulikuwa na nyumba nzima nyuma yake. Wazazi wetu walipopanda ndege kuja huku waliubeba msemo, ile nyumba wakaiacha. Huku uko peke yako kwenye chumba cha kupanga Al Rigga, mume yuko zamu ya usiku, na kilichobaki ni maneno matatu ya kukuambia ukaze.

Tena hata dini hatuiangalii. Ramadhani mwanamke mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto ana udhuru wa kula na kulipa baadaye. Hilo tunalijua wote. Kwa hiyo sharia inakubali kwamba mwili wa mjamzito una mipaka, ila ratiba ya zamu haikubali? Mwezi ule masaa ya kazi hupunguzwa kwa mawili kila siku, na nitasema ukweli, sijawahi kuipenda kanuni ya kazi kama nilivyoipenda hiyo.

Nchi hii inajua kuandika mapumziko. Kila mwaka kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, kazi za nje chini ya jua zinasimama saa sita na nusu mchana hadi saa tisa. Ni sheria, na mwajiri akiivunja anatozwa faini. Hakuna anayemwambia fundi wa ujenzi kwamba jua si ugonjwa.

Lakini kwa mimba, tazameni hesabu yenyewe. Mamangu alikuwa chini ya sheria ya kazi ya 1980: siku 45 za mshahara kamili, kwa aliyefikisha mwaka kazini. Mimi niko chini ya sheria ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022: siku 60, ambazo 45 ni za mshahara kamili na 15 za nusu. Yaani miaka arobaini na ushei, minara imeota mpaka mawinguni, na zile siku za mshahara kamili ni zilezile 45 za mamangu. Wenzetu wa serikali ya Dubai wana siku 90 tangu 2017. Kenya sheria ya ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu ya mshahara kamili. Tanzania ni siku 84, na 100 ukizaa mapacha, na sheria yao ya 2004 inakataza mjamzito kupangiwa kazi ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Tanzania hiyo hiyo ambayo baadhi yetu tuliozaliwa huku tunaizungumzia kama kijijini kwa bibi.

Na hizo siku 60 zina mtego mdogo ambao mtu haujui mpaka umfike. Unaruhusiwa kuanza likizo hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kujifungua. Vizuri. Ila kila siku unayopumzika kabla inakatwa kwenye siku utakazokaa na mtoto. Sasa mama gani atachagua kujipumzisha kwa kumuibia mtoto wake? Ndo maana hapa unawaona wanawake wa miezi tisa wako kaunta, wako saluni, wako wodini wanasukuma vitanda vya wagonjwa. Siku za ugonjwa zipo, 90 kwa mwaka ukishamaliza muda wa majaribio, 15 kamili, 30 nusu, 45 bila kitu. Lakini daktari akiandika "uchovu wa mimba" mwajiri anauliza ugonjwa ni upi. Ule msemo wa bibi umeshaingia hadi kwenye makaratasi.

Mimi bahati yangu, kama ni bahati, nilikutwa na upungufu wa damu. Hemoglobini yangu ilikuwa 9.8, na kwa mjamzito chini ya 11 inahesabika upungufu. Hapo nikapewa cheti cha siku mbili na vidonge vya madini ya chuma. Na nikagundua nilikuwa najiumiza mwenyewe: vidonge nilikuwa namezea chai ya karak. Chai inazuia mwili kuchukua yale madini. Nikahamisha karak ikawa saa mbili baada ya chakula, vidonge nikavimeza na maji ya ndimu. Na ule udongo ambao shangazi aliniletea kutoka Mombasa, ambao nilikuwa nautafuna kwenye stoo ya shuka kama mwizi? Mkunga aliniambia hamu ya udongo mara nyingi inakuja na upungufu huohuo wa damu. Baada ya wiki kadhaa za vidonge hamu ikaisha yenyewe. Kwa hiyo dada, kama uchovu wako umezidi wa wenzio, usijikaze, kapime damu. Na kichwa kikali kisichoisha, uso kuvimba, macho kuona ukungu, damu kutoka, au mtoto kupunguza kucheza, hayo hayasubiri zamu iishe. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Nimeficha mimba yangu mpaka wiki ya kumi na nne. Mnajua kwa nini. Sisi tumezaliwa hapa, tumesoma hapa, Kiswahili chetu kina yalla na khalas ndani yake, lakini uraia hatuna. Kukaa kwangu katika mji pekee ninaoujua kumefungwa kwenye kazi. Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba, naijua. Lakini mikataba sasa ni ya muda maalumu, na kutoongezewa mkataba hakuna kelele. Kwa hiyo nakaza, natabasamu, nakagua.

Leo nasema nilikosea kuficha. Zile wiki kumi na nne ndizo nilizohitaji msaada zaidi, nikazitumia kuigiza. Nilipokwenda kusema, nilikwenda na barua pepe fupi yenye tarehe ya kujifungua na mambo matatu ninayoomba. Andikeni, jamani. Maneno ya kwenye korido yanasahaulika. Sisemi kila mahali watakupokea vizuri. Meneja wangu hakunipongeza, aliuliza nani atashika zamu ya Desemba. Lakini karatasi ilikuwepo, na tangu siku hiyo kila mtu alijua kwamba na wengine wanajua.

Kuna wasioweza kusema kabisa, na hapa naomba tusijidanganye kwamba tunazungumza kwa niaba ya wote. Makadama hawako chini ya sheria hii ya kazi. Wao wana yao ya 2022: siku moja ya mapumziko kwa wiki, masaa 12 ya kupumzika kwa siku, nane mfululizo, na siku 30 za ugonjwa kwa mwaka, nusu yake bila malipo. Likizo ya uzazi kama hii yangu ya siku 60 hamna. Wanapimwa mimba kwenye vipimo vya visa. Dada wa Kitui au wa Mbale anayepanda ngazi za jumba la ghorofa tatu na ndoo, mwezi wa nne, hamwambii mtu, na kama hana cheti cha ndoa hofu yake ni nyingine kabisa. Huyo kumwambia aandike barua pepe ni dharau. Baadhi ya nyumba hizo ni za kwetu. Za wajomba zetu, za marafiki wa wazazi wetu, Wazanzibari na Wamombasa waliofanikiwa. Mkienda kula mahamri Ijumaa, mwangalieni aliyeyapika amesimama tangu saa ngapi.

Kazini, nilichobadilisha ni kidogo na nitakisema hivyohivyo kilivyo. Timu yangu sasa hivi ina wajawazito wawili, na mimi wa tatu. Vitanda tunatandika wawili wawili, kila mtu upande wake, kwa hiyo hakuna anayeinua godoro peke yake. Na ajabu yake, muda unaotumika kwa vyumba vyote ukijumlisha haukuongezeka sana. Mjamzito anapangiwa ghorofa za wageni wanaobaki, vyumba tisa. Ile saa moja ya mapumziko ambayo sheria inataka ndani ya siku, kwa sababu mtu hatakiwi kupita saa tano mfululizo bila kupumzika, tumeigawa vipande vinne badala ya kuimaliza yote mchana. Dakika kumi na tano umekaa, miguu juu ya boksi la sabuni, mara nne. Kwa mtu wa miezi mitano hiyo ni tofauti ya kufika nyumbani ukitembea au ukijiburuta.

Na kiti. Mtacheka, lakini kiti kimoja cha plastiki kwenye stoo ya shuka kilinichukua wiki tatu za kubishana. Niliambiwa kikiwepo kiti watu watakaa. Nikasema ndiyo, ndiyo kazi ya kiti.

Kuna lalamiko moja ambalo nimelisikia na sina jibu safi. Vyumba vitano ninavyompunguzia mjamzito vinakwenda kwa nani? Kwa mwenzake, mara nyingi mwanamke asiye na mtoto, ambaye kila likizo ya shule na kila homa ya mtoto wa mtu humuangukia yeye. Mmoja aliniambia usoni: "Mimi nitazaa lini ili na mimi nipumzike?" Ana haki. Niliomba mtu wa ziada wa muda nikapewa nusu, yaani siku tatu kwa wiki. Siku nyingine tatu wenzangu wanabeba, akiwemo yule mama wa Nepal, na nimewaandikia masaa hayo kama masaa ya ziada ya kulipwa, si fadhila. Uongozi ulinung'unika. Fadhila inachosha urafiki haraka sana.

Nawaandikia hasa nyinyi wa rika langu kwa sababu tumehama upande. Wazazi wetu walikuwa wanapangiwa zamu. Sisi ndio tunaopanga: supavaiza, mwenye saluni Karama, nesi wa zamu, mtu wa rasilimali watu, mwenye duka la mizigo Naif. Tukimwambia mtu jikaze, hatumpi moyo kama bibi. Tunamnyima ruhusa.

Yule dada wa Kampala nilimtafuta. Nilikuwa na namba yake ya zamani. Nilimwandikia kwamba nilimkosea siku ile, na kwamba sasa nina mimba na nimeelewa. Alinijibu baada ya siku mbili. Alituma picha ya mvulana mnene amekaa kwenye beseni la maji, na swali moja: "Wewe wanakupa kukaa?"

Nimemjibu kwamba wananipa. Likizo yangu inaanza wiki tano zijazo, na mwenzangu ataendesha kipindi peke yake, mvumilieni, anaongea haraka. Ratiba za zamu za miezi miwili nimeshaziandika na kuzibandika. Kiti kiko stoo ya shuka, ghorofa ya 14, nyuma ya mlango. Nimekiandika jina la idara kwa kalamu isiyofutika ili asije mtu akakichukua.